Maji kwanza, kisha chumvi

Ndugu yangu, umesema umezoea tanga la Mwanza–Ukerewe, na sasa mko watatu mnavuka bahari kutoka Mombasa hadi Shelisheli kwa boti ndogo, siku kama 12. Unauliza mjiandae vipi na maisha ya humo ndani.

Anza na maji. Ziwani yakiisha unachota ubavuni mwa boti, unachemsha. Baharini hilo halipo. Piga lita 4 kwa mtu kwa siku: 3 × 4 × 12 ni lita 144. Ongeza nusu kwa ajili ya shwari, inafika 216, yaani madumu 11 ya lita 20. Usiweke yote kwenye tangi moja, maana likivuja au likiingiwa na chumvi mmekwisha. Yafunge kamba chini kabisa, katikati ya boti. Wali pikeni kwa kikombe 1 cha maji ya bahari na 4 vya maji baridi (yaani yasiyo na chumvi), msiongeze chumvi.

Jambo linalowashangaza watu wa ziwani ni nguo. Iliyolowa maji ya bahari haikauki sawasawa, kwa sababu chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa. Ukiilalia unapata vipele makalioni. Ivue mlangoni, jifute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, ndipo ulale.

Zamu: kila mtu saa 3 za kazi, kisha saa 6 za mapumziko. Usiku funga mkanda wa usalama kabla hujatoka nje, na kojoa kwenye ndoo. Usisimame ukingoni hata kidogo, tafadhali.