Kabla hujafukia sensa ya unyevu shambani, fikiria antena kwanza

Wakulima wenzangu wa kusini, hasa mnaolima bustani kiangazi bonde la Lukuledi kama mimi, someni hii kabla hamjatoa hela. Mi nalima nyanya na bamia huku Mingoyo, mvua zikishakata mwezi wa 5 basi ni pampu na petroli mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo nikanunua sensa za unyevu wa udongo zile zisizo na waya, unafukia chini halafu namba zinakuja kwenye simu, nikajua hapa sasa petroli itapungua.

Nikafukia kila kitu, sensa, betri na antena yake, sentimita 30 chini ili jembe lisiguse. Siku 2 za kwanza namba zinakuja safi kabisa. Siku ya 3 nikamwagilia, kimya. Nikasema maji yameingia ndani, nikafukua, naiweka juu ya tuta inafanya kazi, nafukia tena haishiki, udongo ukikauka inarudi yenyewe, nikimwagilia inapotea. Yaani muda ule ule ambao nataka kujua maji yamefika wapi ndo inanyamaza!

Kumbe maji yenyewe ndo yanakula mawimbi ya redio yanayobeba zile namba. Udongo mkavu mawimbi yanapita kiasi, ukilowa, hasa ule mfinyanzi mweusi wa bondeni, yanafia njiani. Na mawimbi ya masafa ya juu, yaani yanayotetema haraka zaidi, yanaumia zaidi, sensa zangu zilikuwa za gigahezi 2.4 (ni megahezi 2400), yale yale ya Wi-Fi, wakati za megahezi 433 zinapenya udongo vizuri zaidi. Muuzaji akikwambia inafika mita mia kadhaa muulize ni hewani au chini ya ardhi, maana ni habari 2 tofauti kabisa.

Sasa hivi nimeacha sensa chini kwenye mizizi, waya unapanda ndani ya bomba la plastiki, antena na betri viko juu ya nguzo pembeni ya tuta. Haijapotea tena. Kama kwako kuna ng'ombe au wezi na lazima kila kitu kiwe chini, basi chukua ya masafa ya chini na antena isizame sana, na ile mashine inayopokea namba kutoka kwenye sensa isogeze karibu.

Kingine ni namba zenyewe, hapa wengi wanadanganyika. Sensa hizi nyingi hazipimi maji moja kwa moja, zinapima jinsi udongo unavyohifadhi umeme, na kwa kipimo hicho maji ni kama 80, udongo mkavu kama 3 mpaka 5, hewa ni 1. Kwa hiyo ukiacha kauwazi kadogo ka hewa pembeni ya sensa itakwambia shamba limekauka wakati mimea inaogelea. Shindilia udongo ule ule uliochimbua, polepole, kwa mkono. Na asilimia zilizoandikwa na kiwanda usiziamini sana, kichanga chekundu cha Newala na mfinyanzi wa huku havisomi sawa. Mwagilia mpaka udongo ushibe, subiri siku 1 au 2 maji yachuje, andika namba, hiyo ndo shibe ya shamba lako. Halafu angalia namba inafika ngapi majani yakianza kulegea mchana, wewe mwagilia kabla haijafika huko.

Mkiweza wekeni 2 sehemu moja, ya sentimita 15 na ya 40. Ya chini ikipanda kila ukimwagilia ujue maji yameshapita mizizi, ni petroli unamwaga chini, mi niligundua nilikuwa nazima pampu nimechelewa karibu kila siku.

Halafu kila ilipofukiwa chomeka kijiti. Moja yangu ilikatwa na jembe wakati wa palizi, siku hizi vijana wakija kulima nawazungusha nawaonyesha vijiti vyote kabla hawajaanza.