Maswali Yenu: Mvua Ipi Tuandike Kwenye Ripoti ya Kaunti?

SWALI: Tunaandaa tathmini ya athari za mabadiliko ya tabianchi katika kaunti yetu. Mshauri ametuletea ramani inayoonyesha mvua itaongezeka kufikia 2050. Kwenye mabaraza ya wadi, wazee wanasema mvua inapungua. Tumwamini nani? (Afisa mipango, Kitui)

JIBU: Wote wana lao la kweli. Vipimo vinaonyesha kwamba mvua za Machi hadi Mei katika Afrika Mashariki zimepungua tangu miaka ya 1980, ilhali modeli nyingi za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazokadiria hali ya miaka ijayo, zinatabiri ongezeko. Wanasayansi wenyewe huliita jambo hili kitendawili, na hakijateguliwa. Ramani moja ya rangi ya buluu, basi, haitoshi kuamulia bajeti.

Mrudishieni mshauri kazi, aitenge mvua ya mwaka katika misimu miwili. Ukambani, mvua inayojaza ghala ni ya Oktoba hadi Desemba, si ya Machi. Hiyo hufuata sana joto la Bahari Hindi: upande wa magharibi ukipata joto kuliko wa mashariki, kama 2019, mito hufurika. Jumla ya mwaka huficha yote hayo. Milimita 300 zilizonyesha kwa siku 12 na milimita 300 zilizonyesha kwa siku 35 ni kitu kimoja kwenye ramani, lakini shamba moja limevunwa na jingine udongo wake uko mtoni.

Kwa kila msimu aonyeshe mambo manne: tarehe mvua inapoanza, idadi ya siku za mvua, kipindi kirefu zaidi cha ukavu katikati ya msimu, na siku ya mvua kubwa kuliko zote. Mwanzo wa mvua nao uwe na kipimo. Kinachotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukavu wa siku 10 mfululizo katika siku 30 zinazofuata. Mkiliacha sharti hilo la pili, mtahesabu ile mvua ya kudanganya inayomfanya mkulima anunue mbegu mara mbili.

Halafu msikubali tarakimu moja. Kama kuna modeli 20, zipangeni kuanzia kavu hadi yenye mvua nyingi, mchukue ya pili kutoka kila mwisho. Kila mradi upimwe kwa zote mbili. Tuseme ni bwawa la mchanga, yaani ukuta unaokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Kwa modeli kavu, ulizeni litajaa misimu mingapi katika kumi. Kwa modeli ya mvua nyingi, ulizeni kama mabawa ya ukuta, yaani ncha zake za pembeni, yameingia ukingoni vya kutosha, maana mara nyingi ukuta hubaki umesimama huku mto umeuzunguka na kujichimbia njia mpya. Mradi unaofaulu pande zote mbili haungojei modeli zikubaliane.

Joto halina ubishi. Linapanda katika kila modeli. Anzeni nalo. Bwawa la wazi likipoteza milimita 5 kwa siku, kiangazi cha Juni hadi Septemba kitakula kina cha sentimita 60. Kama lilikuwa na kina cha mita moja, zaidi ya nusu imekwisha hata kabla ng'ombe hajanywa.

SWALI: Daftari la kituo chetu cha mvua lina mapengo mengi. Tutumie setilaiti? (Msomaji, Makueni)

JIBU: Tumieni vyote viwili. Data za CHIRPS, makadirio ya mvua yanayounganisha setilaiti na vituo, ni za bure, zinaanzia 1981, na kila kipande cha ramani yake ni cha kilomita 5 hivi. Kasoro yake ni kulainisha mvua kubwa ya siku moja, kwa hiyo msizitumie peke yake kupima ukubwa wa kalvati.

Kwenye daftari, tafuteni sifuri za uongo. Novemba yenye sifuri tupu wakati kituo jirani kimepata milimita 200 maana yake ni kwamba mpimaji hakuwapo. Angalieni pia Jumatatu: kama kituo hakisomwi wikendi, mvua ya siku tatu huandikwa kama ya siku moja, na ripoti yenu itatangaza dhoruba ambayo haikutokea. Wastani wa 1991 hadi 2020 msiukokotoe kama miaka yenye data haifiki 24. Na nendeni mkakione kipimamvua chenyewe. Mti uwe mbali nacho angalau mara mbili ya urefu wake. Mwembe uliokua pembeni unaweza kuleta "ukame" wa kwenye karatasi.

SWALI: Tathmini yetu ilikamilika Oktoba lakini bajeti haikuigusa. Tulikosea wapi? (Msomaji, Tharaka Nithi)

JIBU: Kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Mkichelewa, nafasi iliyobaki ni waraka wa mwelekeo wa fedha, unaowasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yakishaingia bungeni mwishoni mwa Aprili, mtakuwa mnaomba kwa hisani. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 iko upande wenu: inaitaka kaunti iingize hatua za tabianchi katika mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano (CIDP), na waziri wa kaunti anayehusika apeleke bungeni ripoti ya utekelezaji kila mwisho wa mwaka wa fedha.

Wawakilishi wa wadi msiwapelekee kurasa 140. Pelekeni jedwali la kurasa mbili: wadi, hatari, mradi, gharama, idara. Safu ya idara ndiyo huachwa wazi mara nyingi, na afisa wa bajeti akiona mradi hauna mwenyewe huuruka.