Jibu: Dada, mzuie huyo fundi kwanza, risiti haitakusaidia

Umeandika kwamba AC yako imeharibika, kampuni ya waranti ya nyumba (ile yenye mkataba wa kukutengenezea vitu vya nyumba vikichakaa) inachelewa kuleta fundi wake, na umemwita fundi wa shemeji yako. Kama huyo fundi ameshafika uani, mpe soda akae kivulini. Asifungue hata skrubu moja ya hiyo AC mpaka kampuni ya waranti ikupe namba ya ruhusa kwa maandishi. Nilikuwa nasoma uzi wako huku nakula, nikafika pale uliposema "atengeneze leo, halafu nawatumia risiti wanirudishie", nikaweka kijiko chini. Maneno hayo niliyasema mimi, hapahapa Houston, mwezi wa saba, na yalinitoa dola 5,000.

AC yetu ilianza kupuliza hewa ya moto Ijumaa jioni. Ndugu zetu nyumbani wanadhani sisi wa Texas joto tumelizoea tangu Dar. Dar unafungua dirisha, unatoa mkeka barazani, maisha yanaendelea. Nyumba za huku zimejengwa kwa kuitegemea AC, ikizima ndani kunakuwa kubaya kuliko nje. Kampuni ikasema fundi wao atafika Jumatano. Na ndani ya nyumba hiyo alikuwepo mama mkwe, amekuja kututembelea kutoka Marangu, ambako watu wanalala na blanketi mbili. Niambieni, mwanaume gani anamwacha mama mkwe kwenye nyuzi 34 sebuleni mpaka Jumatano?

Nikampigia dalali aliyetuuzia nyumba. Waranti ilitoka kwake: muuzaji alilipia mwaka wa kwanza, dalali akatukabidhi karatasi kwa tabasamu kana kwamba ametoa mfukoni mwake. Akaniambia, "Kaka, usihangaike. Tafuta fundi yeyote, tuma risiti, watu wanarudishiwa kila siku." Watu gani? Mpaka leo sijamwona hata mmoja. Huyu bwana alikuwa hajawahi kuusoma ule mkataba, ila kamisheni alikuwa ameshaichukua na picha alishatupiga tumeshika ufunguo mkubwa wa kadibodi. Siku hizi nikimwandikia, tiki zinageuka bluu, jibu haliji. Siku ya kuonyeshwa nyumba alikuwa anajibu hata saa sita usiku.

Na yule binti wa huduma kwa wateja naye, Mungu amsamehe. Nilimuuliza wazi: naweza kutumia fundi wangu? Akasema ndiyo, unaweza. Akaishia hapo. Hakuongeza "ila lazima atupigie kabla hajagusa kitu." Kisheria hakudanganya. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Fundi niliyempata alikuwa stadi, sina neno naye. Alipima, akasema kompresa imeungua, na mtambo wenyewe ni wa zamani unaotumia gesi ya R-22, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza na kuiagiza tangu 2020, kwa hiyo iliyobaki sokoni ni ya bei ya kuruka. Akashauri tubadilishe mtambo mzima, wa nje na wa ndani. Dola 8,700. Nikalipa kwa kadi bila kupepesa macho, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unalipia AC mpaka dola 5,000, na kichwani nilishazihesabu kuwa zimerudi. Jioni ile nyumba ikapoa mpaka mama mkwe akaomba sweta. Nilikuwa shujaa wa ukoo mzima.

Halafu ikaja barua pepe. Kazi iliyofanywa bila idhini yetu ya awali hailipwi, kifungu namba fulani. Aya ya pili ndiyo iliyonimaliza: hatukupata nafasi ya kukikagua kifaa wala kujua chanzo cha kuharibika. Nikakata rufaa. Wakaniomba picha za kifaa cha zamani, kile kibati chenye modeli na namba ya mashine, na vipimo vya fundi. Picha sina. Vipimo havikuandikwa popote, risiti yangu ilisema tu "mtambo mpya, kufunga, kuondoa wa zamani". Na huo wa zamani fundi alikuwa ameshaupeleka skrepa. Yaani ushahidi wangu wote niliulipia mwenyewe ukabebwe kwenye pikapu.

Nikaenda TDLR, hawa ndio wanaosimamia kampuni za waranti hapa Texas tangu 2021. Nilijaza malalamiko vizuri kabisa, kwa hasira lakini kwa adabu. Kampuni ikajibu kwa kunakili kifungu kilekile na kuambatanisha risiti yangu mwenyewe. Nikafikiria mahakama ndogo, maana huku unaweza kudai mpaka dola 20,000 bila wakili. Jamaa yetu mmoja wa kanisani ni wakili, akakisoma kifungu, akanirudishia simu, akaniuliza kama ninakunywa chai. Mke wangu tangu siku hiyo ananiita Bwana Risiti. Amenisevu hivyo hata kwenye simu yake.

Sasa elewa kinachofanyika, maana ukielewa hutabishana nao bure. Waranti ya nyumba siyo bima ya nyumba. Bima inashughulika na moto, kimbunga, mti kuangukia paa. Waranti ni mkataba wa matengenezo ya vitu vinavyochakaa kwa matumizi. Kampuni inatuma fundi iliyekubaliana naye bei, wewe unalipa ada yake ya kuja, yeye anapima na kuwapigia kutoka palepale mlangoni kwako. Wao ndio wanaoamua: tutengeneze, tubadilishe, au tukatae. Uamuzi wote unategemea alichokiona fundi kwenye kifaa kikiwa bado kimeharibika. Ukishakitengeneza hakuna cha kuona, na mkataba umeshawapa njia ya kutokea.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Piga simu, uwaambie fundi wenu anachelewa, nina watoto ndani na joto hili, naomba ruhusa ya kutumia fundi wangu. Kampuni nyingi zina utaratibu huo, ila hawautangazi. Wakikubali, usishukuru ukakata simu kama mimi. Uliza wanataka nini kutoka kwa fundi kabla ya kazi. Kwa kawaida ni namba yake ya leseni, kilichoharibika, chanzo chake, na bei iliyochambuliwa, vipuri mbali na ufundi mbali. Fundi mwenyewe awapigie akiwa amesimama mbele ya mashine. Hapa Texas leseni ya fundi wa AC inaanza na TACL na inatakiwa ionekane kwenye gari lake. Kama huyo wa shemeji hana namba hiyo, na nasikia harufu kwamba hana, basi hata ruhusa hutapata, achana naye mapema.

Kisha waambie wakuandikie kwenye barua pepe: namba ya ruhusa, kazi gani, kiasi gani. Kiasi hasa! Usikubali "tutaangalia risiti". Wanaweza kukupa ruhusa halafu wakalipa bei wanayomlipa fundi wao, ambayo ni ndogo kuliko yako, na tofauti ni juu yako. Ujue kabla hujachagua. Pia uliza kama gharama ya kuvuta gesi ya zamani na kurekebisha mabomba imo, maana mara nyingi hivyo wanakuachia wewe. Na kwenye simu usianze kukisia. Wakikuuliza ilianza lini kusumbua, sema unachokijua. Mimi nina jirani aliyesema kwa kuchangamka tu "aah, hata mwaka jana ilikuwa inakoroma kidogo", wakamwandikia tatizo lilikuwepo kabla ya mkataba.

Piga picha. Kibati, mashine ya nje, ya ndani, thamostati ikionyesha joto la chumbani. Kama una risiti za kusafishiwa AC miaka iliyopita zitafute, watakuja na hoja ya kukosa matunzo. Na hata ukipata ruhusa, kifaa cha zamani kisitoke uani mpaka hela iingie. Majirani wakilalamika kina sura mbaya, waambie ni sanaa.

Joto la leo usiku: nenda kanunue ka-AC kadogo ka dirishani, vipo vya chini ya dola 200, fungeni chumba kimoja mlale humo wote. Nami ningefanya hivyo, mama mkwe angelala kwa raha zake, na ile 5,000 ingekuwa kwenye akaunti. Ila ushujaa ulikuwa umenikaa.

Uliuliza na mambo mengine hapo, tangi la maji ya moto na kuongeza mkataba mwaka ujao, nadhani. Wadau wengine watakuja nayo, mimi hapa presha imeshapanda.

Na wakuu mtakaokuja kusema "mimi nilituma risiti wakanilipa", najua mpo, mmoja wenu alishawahi kunibishia kwenye harusi Dallas mpaka wali ukapoa. Nilimwomba anionyeshe barua pepe zake. Akatafuta, akatafuta, akaiona: siku moja kabla ya kazi, namba ya ruhusa, na kiasi. Mke wake ndiye aliyepiga simu, yeye hakuwa na habari.