Idi ndogo Mombasa na watoto: angalia mwezi na maji kwanza

Dada, umeuliza hivi: mnatoka Nairobi na watoto watatu, mkubwa ana miaka 10 na mdogo 4, mnakuja kula Idi ndogo, ile ya kumaliza Ramadhani, kwa mama mkwe wako Mji wa Kale, mna siku nne za Idi, na unataka kujua muwapeleke wapi watoto bila kumwachia mwenyeji kazi yote. Wengine wamekwisha kukutajia mahali pengi, na pote ni pazuri. Lakini kinachowaharibia wageni Idi yao huku ni saa. Mtu anafika pahali pazuri wakati mbaya, watoto wanalia, watu wazima wananuna. Idi ya Mombasa inaendeshwa na mwezi na bahari, na bahari yenyewe inaufuata mwezi. Ukishalijua hilo, ratiba inajipanga.

Tuanze na tarehe. Mwezi hutazamwa jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani. Ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, wanakamilisha 30. Tena si wote wanaofuata mwandamo mmoja: wako wanaosubiri tangazo la Kadhi Mkuu na wako wanaofuata mwezi wa Makka, kwa hivyo mtaa mmoja unaweza kuwa na Idi mbili. Mama mkwe wako anafuata upi? Muulize mapema, maana Idi yenu ni ile ya nyumba yake. Tiketi ya kurudi usiikate ya Idi pili, yaani siku ya pili ya Idi. Iwe ya Idi nne. Treni hujaa mapema sana wakati huo, na stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, hivyo siku ya kurudi tokeni mapema kwa sababu ya foleni.

Kumbuka pia kwamba Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa 10 Aprili, mwaka 2025 ikawa 31 Machi. Ndiyo kusema sasa inaingia mwishoni mwa kaskazi, wakati wa joto kali kabla masika hayajashika. Nguo nzito za sherehe zenye tabaka mbili tatu waachie picha tu. Mtoto wa miaka minne ashonewe pamba, na mvulana kanzu nyepesi. Kofia na kanga mtapata huku huku Mtaa wa Biashara, ila msingoje usiku wa mwisho, maana hapo hata pa kuweka mguu hapana.

Hina nayo ina hesabu yake. Rangi ikitoka mkononi huwa ya chungwa, inakolea baada ya siku moja hadi mbili. Akipakwa usiku wa kuamkia Idi, kesho mikono iko rangi ya karoti na msichana hana raha. Kwa kuwa hujui kama mwezi utaandama 29 au 30, mpake usiku wa 28: itakuwa imekolea vyovyote iwavyo. Unga wa hina uchujwe kwa kitambaa chepesi, ukandwe na maji ya ndimu au chai ya rangi iliyopoa, ulazwe masaa machache kabla ya kupaka. Piko nyeusi, tafadhali sana, usikubali apakwe mtoto. Ile ni dawa ya nywele, na ngozi ya mtoto inaweza kutoka malengelenge kufuata mchoro wenyewe, tena alama ikabaki miezi.

Usiku wa kuamkia Idi msitoke. Huo ndio usiku mtamu kwa watoto, na ndipo mtakapompunguzia mwenyeji kazi. Mchele, sukari na mafuta mlivyokusudia kuleta vifike siku mbili kabla ili avitumie, si mvitoe begini asubuhi ya Idi wakati kila kitu kiko jikoni tayari. Kisha chukueni kazi moja muibebe nyinyi mwanzo hadi mwisho. Ningechagua mahamri, kwa sababu kila mtoto anapata sehemu yake.

Kilo moja ya unga wa ngano huchukua sukari gramu 200 hadi 250, hamira kijiko kimoja cha chakula, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai kilichojaa, na tui zito karibu nusu lita, ambalo nazi mbili nzuri zinalitoa. Tui liwe vuguvugu tu, kidole kikae ndani bila kuungua; likiwa moto linaua hamira na unga hauumuki hata ukingoja mpaka daku. Kanda dakika 10 hadi 15, funika, acha uumuke saa moja au mbili. Gawa matonge manane, sukuma kila tonge liwe duara la unene wa nusu sentimita, kata vipande vinne, upate 32. Kazi ya mtoto wa miaka 10 ni kukata, wa kati ni kupanga kwenye sinia, mdogo ni kuhesabu. Vipande vipumzike tena dakika 15 hadi 20 kabla ya kuchomwa.

Karai asilisogelee mtoto. Jaribu mafuta kwa kidonge cha unga: kikizama kikakaa chini, bado, kikiibuka mara moja na povu pembeni, tia. Hamri likiingia, lichotee mafuta kwa upawa ulimwagie mgongoni, papo hapo linavimba kama mto. Yasipovimba, mara nyingi yamesukumwa membamba mno au mafuta hayajapata moto, na hayo ya pili yatanyonya mafuta mpaka ukiyakamua yanatiririka. Yakiwa meusi nje na mabichi ndani, moto umezidi. Na ule unga wa kusukumia utumie kidogo, ukizidi unadondoka karaini, unaungua, unatia madoa meusi kundi zima linalofuata.

Zakatul fitri, sadaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani, itolewe kabla ya swala, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, yaani mchele kama kilo mbili na nusu. Nyinyi mko watano, hivyo ni kama kilo 12 na nusu. Wapeni watoto wabebe wenyewe mpaka kwa jirani mhitaji ambaye mama mkwe atawaelekeza.

Asubuhi yenyewe mwende swala pamoja. Huswaliwa kati ya saa moja na saa mbili, misikitini na viwanjani, kama pale uwanja wa shule ya Ronald Ngala. Bebeni misala yenu na chupa ya maji. Mkirudi ni chai: mahamri na mbaazi za nazi, tambi za sukari, kaimati, vileja, kisha halua na kahawa chungu kwa wakubwa. Baada ya hapo ni kuzungukia nyumba, na mpaka adhuhuri msipange kitu kingine chochote. Anzeni kwa aliye mkubwa kuliko wote, hata kama nyumba yake iko mbali na ya jirani iko mlangoni. Dakika 15 hadi 20 kila nyumba zinatosha. Watoto wafundishwe njiani: hodi, salamu, mkono wa mkubwa ubusiwe, Idi Mubarak. Mbele ya sahani waambie waonje kidogo kidogo, maana nyumba ya sita nayo itataka waonje.

Na wewe uwe na noti za 50 na 100 za kutosha za kuwapa watoto wa wenzio mkono wa Idi. Zitafute wiki nzima kabla. Siku mbili za mwisho hakuna duka litakalokupa chenji.

Sasa bahari, na hapa naomba usome polepole. Idi ndogo ni tarehe mosi ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi ukiwa mchanga hivyo bahari huwa katika bamvua, maji makuu: hujaa sana na kupwa sana. Bandarini Kilindini wakati huo tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa huzidi mita 3, ambapo katika maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kama mita moja tu. Tena saa za bamvua huku hazibadiliki sana: maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, yakichelewa kwa dakika 40 hadi 50 kila siku.

Familia nyingi hula biriani adhuhuri, hulala kidogo, halafu zote pamoja huelekea ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, tunaouita Pirates. Wanafika saa kumi. Wakati huo maji ya bamvua yamejaa, mchanga umebaki ukanda mwembamba, na maelfu ya watu wamebanana hapo na watoto, maboya ya tairi, ngamia na wauza achari. Mtoto akipiga hatua tatu ameshapoteza mguu wa kusimamia. Kwa watoto wa umri wa wenu, mimi nisingewapeleka saa hizo kabisa.

Nendeni Idi pili asubuhi. Mkifika saa tatu u nusu, maji yanatoka. Saa nne na nusu mpaka saa tano u nusu ufuo ni mpana na madimbwi ya mwambani yamebaki na samaki wadogo, kaa na nyota za bahari, watoto wanayatazama bila hata kulowa kiuno. Champali hazitoshi hapo: zinachomoka mguuni, na mwambani kuna wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni. Vaeni viatu vya mpira vilivyofunga mguu. Nyota wa bahari arudishwe majini baada ya kutazamwa.

Kugeuka kwa maji ndiko kunakodanganya. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanarudi taratibu, unaona kama hayajaanza. Saa ya tatu na ya nne ndipo nusu ya maji yote huingia. Kwa tofauti ya mita 3 na kitu, hiyo ni kama sentimita 80 kila saa moja, yaani kutoka miguuni mpaka kifuani mwa mtoto wako mdogo, au zaidi, kabla hujamaliza dafu la pili. Isitoshe, maji hayaji kwa mstari kutoka mbele. Hupenya kwenye mikondo na kujaza upande wa ufuoni, na aliye mwambani anashtukia nyuma yake kumekuwa na kina. Kwa hivyo maji yakigeuka tu, wote warudi mchangani. Wacheze pale kwenye maji ya magoti mpaka saa saba, kisha mjifute muondoke. Mtakutana na msururu wa magari unaokuja nyinyi mkirudi mjini.

Jedwali la maji la Kilindini hupatikana kwenye simu. Angalieni siku yenyewe, na mkifika muulizeni mvuvi au mwokozi. (Idi kubwa ni kinyume. Huangukia tarehe kumi ya Mfungo Tatu, wakati wa maji mafu, na jioni ndipo hupwa. Watu huchukua ratiba ya moja wakaitia kwenye nyingine.)

Maji yale yale ya jioni yanayoharibu ufuo ndiyo yanayopendezesha bustani ya Mama Ngina. Siku ya Idi mosi, baada ya alasiri, teremkeni huko. Bustani ilitengenezwa upya mwaka 2019, hakuna kiingilio, mibuyu mikubwa inatoa kivuli, na bahari ikiwa imejaa inapiga jabali chini yenu huku meli zikipita mlangoni mwa Kilindini karibu mpaka watoto wanasoma majina yake. Nunueni mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi vya karai na ukwaju, ubuyu, madafu. Mihogo chagueni ya karai linalochemka hapo hapo, si iliyopangwa tangu mchana. Mdogo ashikwe mkono upande wa jabali, na nambari yako ya simu iandikwe kwa kalamu mkononi mwake, nyuma ya kiganja ambapo hapatoki jasho jingi. Chagueni mbuyu mmoja mkifika na mkubaliane: aliyepotea anarudi hapa. Watoto wakitaka pembea, uwanja wa Makadara ni karibu na nyumbani, mnaweza kupita usiku mkirudi.

Kama kuna gari, liacheni nyumbani siku hiyo. Tuktuk mkubaliane bei kabla ya kupanda, ya kwenda na ya kurudi mbalimbali, kwani jioni hupanda.

Idi tatu ni ya Ngome, yaani Fort Jesus, asubuhi mapema kabla jua halijachoma mawe. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2011. Saa moja na nusu inawatosha watoto. Kutoka hapo mpite kwa miguu Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale. Kivuko cha Likoni nacho ni raha kwa watoto wa bara, mtembea kwa miguu halipi, ila kiwe cha asubuhi tu.

Siku ya nne, kabla ya safari, mbaki nyumbani, mrudishe vyombo vya majirani. Sinia iliyokuja na kaimati isirudi tupu. Yale mahamri 32 wekeni kando manane kwa ajili hiyo, au chomeni mengine.