Halt and Catch Fire: maswali yenu kuhusu tamthilia iliyowapita wengi

Kwa wasioijua: ni tamthilia ya Marekani iliyorushwa na kituo cha AMC kuanzia Juni 2014 hadi Oktoba 2017, misimu 4, jumla ya sehemu 40. Inawafuata watu wanaohangaika na kompyuta tangu Dallas ya mwaka 1983 hadi California ya miaka ya 1990, intaneti inapoanza kuingia majumbani.

Nimeangalia sehemu tatu, huyo Joe ananichosha. Niache?

Usiache. Kinachokuchosha kipo kweli. Msimu wa 1 umemtanguliza Joe MacMillan (Lee Pace), muuzaji mwenye maneno matamu na siri nyingi, na waandishi wanajitahidi mno kumfanya fumbo. Msimu wa 2 wanaoshika usukani ni Cameron Howe (Mackenzie Davis) na Donna Clark (Kerry Bishé). Kampuni yao, Mutiny, imo ndani ya nyumba iliyojaa nyaya na vijana wasiolala, ikiuza michezo ya kompyuta kupitia laini za simu. Donna ndiye anayegundua kwamba wateja wanapenda kupiga soga kuliko kucheza. Hapo ndipo tamthilia inapopata roho yake. Ukishindwa kabisa kuumaliza msimu wa 1, angalia sehemu ya 1, ya 9 na ya 10, kisha nenda wa 2. Lakini utamkosa John Bosworth (Toby Huss), bosi kwenye kampuni anayoingia Joe, anavyobadilika polepole, na hiyo ni hasara.

Sielewi kompyuta. Kile wanachokiiba kutoka IBM mwanzoni ni nini hasa?

Ukielewa hili, msimu mzima unafunguka. Kompyuta ya mwaka 1981 ya IBM, kampuni kubwa ya Marekani, ilijengwa kwa vipuri ambavyo kampuni nyingine iliweza kuvinunua: prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ilikuwa ya Intel, mfumo endeshi (programu kuu ya mashine) wa Microsoft. Kilichokuwa mali ya IBM peke yake ni BIOS, programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu, inayoamsha mashine na kuziunganisha programu na vifaa vyake. Bila BIOS inayofanya kazi ileile, programu za IBM zinaweza kukwama kwenye mashine yako.

Joe anataka kutengeneza kompyuta inayoendesha programu hizohizo. Katika sehemu ya 1, yeye na mhandisi Gordon Clark (Scoot McNairy) wanajifungia na mashine moja ya IBM, wanaisambaratisha na kuisoma chipu hiyo namba baada ya namba, mmoja akitaja na mwenzake akiandika. Tazama macho yao yanavyozidi kuwa mekundu. Sasa tatizo ni kwamba Gordon ameshaiona, kwa hiyo chochote atakachoandika yeye mahakama itakiita nakala. Njia halali ni kuwatenganisha watu: wa kwanza anaeleza kwa maandishi BIOS inafanya nini, na wa pili, ambaye hajawahi kuiona, anaandika yake upya kwa kufuata maelezo hayo tu. Ndiyo maana Cameron, mwanafunzi wa chuo, anaajiriwa na kutengwa chumbani, huku mwanasheria akikaa karibu.

Ni kisa cha kweli?

Wahusika na kampuni yao, Cardiff Electric, ni vya kubuni. Njia ni ya kweli: Compaq, kampuni ya Texas, iliandika BIOS yake kwa utaratibu huohuo na kutangaza kompyuta yake ya kubebeka mwishoni mwa 1982.

Kama ni nzuri hivyo, mbona haikuvuma?

Ilikuja kituo kilekile cha Mad Men, tamthilia iliyosifiwa sana, watu wakaipima kwa kipimo hicho, na mwanzo wake ukawapa sababu ya kuondoka. Sifa za wahakiki zilipoongezeka, watazamaji walishatawanyika.

Itanichukua muda gani, na naweza kuruka wapi?

Sehemu moja ni kama dakika 45, kwa hiyo jumla ni takriban saa 30. Baada ya msimu wa 1 usiruke kitu. Wengi hupotea mwishoni mwa msimu wa 3, kwa sababu sehemu mbili za mwisho zinaruka ghafla kutoka 1986 hadi 1990. Msimu wa 4 nao unafungua kwa kupitisha miaka mitatu ndani ya dakika chache, basi weka simu pembeni. Sehemu ya 2 ya msimu huo ina maongezi marefu ya simu kati ya Joe na Cameron. Yasikilize yote, hata pale wanaponyamaza. Sehemu ya 7 na ya 8 ziangalie usiku mmoja, na usisome muhtasari wowote kabla.