Kiwiko kinauma: raketi nyepesi si dawa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, nacheza tenisi Arusha mara tatu kwa wiki. Mtindo wangu ni kukaa nyuma ya mstari na kupiga foohandi (mapigo ya upande wa mkono unaoshika raketi) zenye topspini, ule mzunguko unaoushusha mpira upesi. Raketi yangu ni ya gramu 300. Mipira ilikuwa inaruka nje sana, fundi akanifungia nyuzi za polyesta kwa mkazo wa kilo 27. Sasa ni miezi kadhaa kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje, hata kunyanyua kikombe cha chai ni shida. Muuzaji wa vifaa anasema ninunue raketi ya gramu 255 ili nipumzishe mkono, nibaki na polyesta kwa kuwa ndiyo inayoleta topspini, na niweke kile kimpira cha kuzuia mtetemo. Mwenzangu klabuni naye ananiambia nichukue raketi ya Carlos Alcaraz, yule bingwa wa Hispania, kwa sababu tunacheza mtindo mmoja. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue raketi yoyote kwa sasa. Hiyo ya gramu 300 uliyonayo ndiyo ambayo hata mimi ningekuchagulia. Kinachokuumiza kimefungwa ndani ya kichwa chake: polyesta, kwa kilo 27, na kwa jinsi ulivyoeleza naona haijabadilishwa tangu siku ilipofungwa.

Nianze na habari ya gramu 255, maana ushauri huo ndio unaoniletea watu wenye mikono mibovu, na wengi wanafika wakiwa wamekwisha kulipa. Wameambiwa raketi nyepesi haichoshi, na isiyochosha haiumizi. Dukani maneno hayo yanaingia akilini, kwa kuwa unaipunga raketi hewani na hakuna mpira unaokuja. Uwanjani mpira wa gramu 56 hadi 59 unakuja kwa kasi na kukaa kwenye nyuzi kwa takriban sehemu 5 tu kati ya 1,000 za sekunde. Raketi yenye uzito wa kutosha inatulia, mpira ndio unaorudi. Raketi nyepesi yenyewe inasukumwa nyuma na kujipinda mkononi, hasa ukigonga pembeni mwa kichwa, na wa kuizuia isijipinde ni misuli ya kigasha iliyojishikiza upande wa nje wa kiwiko. Ndipo hapohapo panapokuuma.

Kuna na jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Watengenezaji wanajua kwamba fremu nyepesi haina msukumo, kwa hiyo nyingi huzifanya nene na ngumu ili zisipinde mpira unapogonga. Ugumu huo una kipimo chake, huandikwa kwa herufi RA, na raketi nyingi za sokoni zinaangukia kati ya 55 na 72. Mtu mwenye kiwiko kama chako namtaka awe chini ya 65. Ukiuliza namba hiyo na muuzaji akakutolea macho, basi anachokujulisha ni rangi na bei tu. Sisemi kwamba raketi nyepesi haina mtu wake. Mzee anayeanza mchezo, au anayecheza wawiliwawili karibu na wavu na hapigi kwa nguvu, gramu 265 au 275 zenye nyuzi laini zitamfaa. Wewe si mtu huyo.

Kile kimpira kiweke ukipenda sauti yake. Kazi yake ni kuzima mlio wa nyuzi, ambazo zikipigwa hutetemeka mara 500 na zaidi kwa sekunde. Fremu inatetemeka polepole zaidi, kati ya mara 100 na 200, na mtetemo huo ndio unaofika mkononi. Kimpira cha gramu mbili tatu hakiugusi. Anayekiuza kama dawa ya kiwiko anauza uongo, na uongo wenyewe una madhara: mtu akishakiweka anaendelea kucheza juu ya maumivu wiki baada ya wiki, akiamini kwamba anajitibu.

Sasa polyesta, ambayo ndiyo kiini cha shauri hili. Mbrazili Gustavo Kuerten alipotwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 1997 akiwa na nyuzi za polyesta za kampuni ya Luxilon, wachezaji wa kulipwa walifuata njia hiyo, na baada yao klabu nyingi duniani. Tatizo ni kwamba klabuni zilifika nyuzi bila maelezo yake. Uzi huu ni mgumu na unateleza. Mpira ukigonga kwa kasi, nyuzi za wima husogea kando kisha hurudi mahali pake ghafla, na kule kurudi ndiko kunakouongezea mpira mzunguko. Lakini kwanza zisogee, na kinachozisogeza ni kasi ya mkono. Mchezaji wa kawaida wa klabu, anayecheza baada ya kazi, akikaziwa polyesta hadi kilo 27, nyuzi zake husogea kidogo tu. Sehemu kubwa ya topspini anayoiona inatoka kwenye mkono wake. Anachopewa zaidi na polyesta ni mshindo wa kwenye kiwiko. Hata bingwa Roger Federer, mwenye mkono ule, kwa miaka mingi alifunga uzi wa utumbo wa ng'ombe kwa wima na polyesta kwa mlalo tu.

Isitoshe, polyesta haikatiki upesi, na hapo ndipo inapowahadaa watu. Baada ya saa 15 hadi 20 za mchezo inakuwa imepoteza mkazo na unyumbufu wake, ingawa ukiitazama ni nzima kabisa. Kwa ratiba yako huo ni mwezi mmoja hivi. Huko kwenye ziara ya kulipwa uzi hukatwa ukiwa bado mzima. Huku kwetu mtu anaringa kwamba nyuzi zake zina mwaka. Nyuzi hizo zimekufa zamani, na kiwiko ndicho kinachofanya kazi yake pamoja na yao.

Fundi wako alikaza kwa sababu mipira inaruka nje, na kweli inaruka. Lakini inaruka kwa sababu upo Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haiukamati mpira, na mpira wenye gesi ndani unadunda zaidi huko kuliko Dar es Salaam au Tanga. Kanuni za ITF, shirikisho la kimataifa la tenisi, zimetenga mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na Nairobi, iliyo juu kuliko Arusha, inahusika vilevile. Wachezaji wa miinuko wanafungua makopo ya mipira ya pwani, wanaona inapaa, wanakaza nyuzi, kisha wanalaumu raketi. Iombeni klabu yenu iagize mipira iliyoandikwa kuwa ni ya miinuko. Mkono wa mtu si mahali pa kurekebishia hewa.

Kwa hiyo, kata nyuzi hizo leo. Anzia katikati ukielekea nje, wima na mlalo kwa zamu, ili fremu isivutwe upande mmoja. Mwambie fundi akufungie uzi laini wa nailoni wenye nyuzinyuzi nyingi ndani, ule mafundi wanaouita maltifilamenti, wa unene wa milimita 1.30, kwa kilo 23. Kwa foohandi yako utakatika mapema kuliko polyesta. Ukikatika funga mwingine. Uzi wa utumbo wa ng'ombe ni laini kuliko huo, lakini ni ghali na unyevu unauharibu, ndiyo maana watu wa pwani huwa siwashauri. Na raketi usiilaze ndani ya gari juani, nyuzi zinalegea.

Angalia na unene wa mpini. Ukiwa umeushika, kidole cha mkono wa pili kinapaswa kupenya kati ya ncha za vidole na kiganja. Kama hakipenyi, mpini ni mwembamba, unaubana kupita kiasi kila unapopiga, na kila unapobana unauvuta msuli uleule unaouma. Kuzungushia utepe mmoja wa gripi juu ya mpini kunaweza kutosha.

Hata hivyo, kushindwa kunyanyua kikombe ni jambo la mtaalamu wa fiziotherapia. Mwone kabla hujarudi uwanjani. Uzi laini utasaidia ugonjwa usiongezeke, lakini hautatibu kilichokwisha kuharibika.

Baada ya hapo, ukiwa huna maumivu na bado unataka kubadili raketi, ndipo tuzungumzie mtindo. Wengi wanaponiambia mtindo wao wananitajia mchezaji wanayependa kumtazama. Mimi nataka kujua mpira wako unaangukia wapi. Ukianguka mfupi, kwenye visanduku vya sevu, unahitaji kichwa cha inchi 100 za mraba na nyuzi 16 kwa 19, yaani 16 za wima na 19 za mlalo. Ukipitiliza mstari wa nyuma hata kwa mipira sahihi na uzi mpya, hapo kichwa cha 98 na nyuzi zilizobanana zaidi zina maana. Ukichelewa kuugonga mpira, hakuna raketi itakayokusaidia, na huko kuchelewa ndiko kunakozalisha viwiko vibovu vingi, hasa kwa wanaopiga bekihendi ya mkono mmoja. Raketi ya Alcaraz inayouzwa, Babolat Pure Aero 98, ni ya gramu 305, kichwa cha 98, nyuzi 16 kwa 20. Imetengenezwa kwa mtu anayeugonga mpira katikati karibu kila mara. Na raketi za wachezaji wa ngazi hiyo huongezewa uzito kwa vipande vya madini ya risasi na kurekebishiwa mizani, kwa hiyo kinachouzwa dukani na kinachochezewa uwanjani mara nyingi vinafanana rangi tu. Kama unataka fremu ya kuuhurumia mkono, anza kujaribu Wilson Clash 100, gramu 295, ambayo ilitoka mwaka 2019 ikiwa imetengenezwa makusudi ipinde. Azima, icheze kwa wiki kadhaa, halafu ndipo utoe hela.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ushauri huohuo uliopewa wewe wanapewa wazazi. Naona watoto wa miaka minane wakiburuta raketi za watu wazima za inchi 27 kwa sababu muuzaji amesema "atakua nayo", na wa miaka kumi na mmoja wakifungiwa polyesta kwa sababu bingwa wao anaitumia. Mifupa ya mtoto bado inakua, na maumivu ya kiwiko kwa mtoto ni hatari kuliko kwako. Raketi za watoto zipo za inchi 21, 23, 25 na 26, na tangu mwaka 2012 kanuni za ITF zinataka mashindano ya walio na miaka 10 na chini yachezwe kwa mipira ya polepole, myekundu, ya rangi ya chungwa au ya kijani. Mzazi, ukikuta kocha anayempa mtoto wako wa miaka tisa mpira wa kawaida wa manjano na raketi ndefu ili "azoee mapema", mwondoe mtoto hapo. Polyesta tuizungumzie siku ile atakapokuwa anakata nyuzi za nailoni kila baada ya wiki mbili tatu, wala si kabla.