Kabla ya kidonge cha iodini, jaza mapipa

Mgonjwa wa tezi ya shingo akiandikiwa kidonge cha iodini yenye mionzi, jamaa huuliza nauli ya Nairobi na bili ya hospitali. Mimi nakuuliza maji. Mifereji ya Mombasa tunaijua: leo yatoka, kesho makavu, wangoja mkokoteni wa mitungi. Na maji ndiyo yatakayokusaidia kuitoa mionzi mwilini.

Iodini-131, ndiyo hiyo iliyomo kidongeni, hufifia yenyewe, kila siku 8 nguvu yake hubaki nusu. Lakini ile ambayo tezi haikuinyonya hutoka kwa mkojo, na kwa sisi tuliokwisha kutolewa tezi kwa sababu ya saratani, sehemu kubwa huondoka ndani ya saa 48 za mwanzo. Mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi bado anayo tezi yake, na iodini hukaa humo zaidi, kwa hivyo usichukue masharti yangu ukayafanya yako. Nilipolazwa nilikunywa maji na kwenda chooni hata usiku wa manane. Kabla ya kuruhusiwa, mhudumu alisimama mita moja nami, akaninyooshea kipimo cha mionzi na kuandika alichosoma.

Nyumbani mapipa yawe yamejaa kabla hujarudi. Choo humwagwa maji mara mbili, wanaume wakojoe wakiwa wamekaa, mikono ioshwe vizuri. Oga kila siku. Shuka na kanga zako zifuliwe mbali na za wengine. Kwenye nyumba za Kiswahili, ambako choo ni cha wapangaji wote, zungumza na wenzako mapema, au uombe chumba kwa jamaa mwenye choo chake.

Lililo gumu zaidi ni watu, maana mionzi iliyo mwilini mwako huwafikia walio karibu nawe. Kwetu mgonjwa hutazamwa: shangazi aja na uji, wajukuu wakurukia kifuani. Niliwaambia kabla ya safari, "Shangazi, nipigie simu tu, utakuja tarehe hospitali ikiniruhusu." Lala peke yako, kula kwenye sahani yako badala ya sinia, na watoto na wajawazito wakae mbali nawe. Mtu mzima kukusalimu kutoka mlangoni hakumdhuru. Kinachohesabiwa ni umbali na muda. Mwenye kumuuguza mgonjwa asimfanye kama najisi, tafadhali. Mpelekee chakula, muongeleshe, mchekeshe.

Kuhusu safari, muulize daktari kama unaweza kurudi siku hiyo hiyo. Basi la Mombasa ni saa nyingi bega kwa bega na mtu usiyemjua, huenda ana mimba. Barua ya hospitali itunze, kwa kuwa mitambo ya uwanja wa ndege inaweza kulia hata wiki kadhaa baadaye.

Na wewe mama unayenyonyesha, sema kabla tarehe haijapangwa. Maziwa huachishwa wiki kadhaa kabla ya kidonge, na mtoto huyo harudishwi tena ziwani. Mimba nayo husubiri, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, mpaka daktari akuruhusu.